Ndama Mkubwa, Nyonga Ndogo: Somo la Miaka Mingi kwa Wafugaji wa Kilosa

Bonde la Mkata, kati ya Kilosa na Mikumi, lina historia ndefu ya ng'ombe. Wafugaji wa Kiparakuyo na Kimasai wamechunga huko tangu zamani, na baadaye Kampuni ya Ranchi za Taifa (NARCO) ikawa na ranchi ya Mkata ya ng'ombe wa nyama. Kila mmoja alitaka ng'ombe mkubwa zaidi. Sasa swali ni hili: ukubwa huo unapita wapi siku ya kuzaliwa?

Zebu wetu wa asili huzaa ndama wa kama kilo 20, na mara nyingi huzaa mwenyewe malishoni bila msaada. Upande wa pili wa milima, kituo cha Mpwapwa kilichanganya zebu wa hapa na Sahiwal na Sindhi kutoka Bara Hindi, pamoja na damu kidogo ya Ulaya, hadi akapatikana ng'ombe aitwaye Mpwapwa. Hao wa Bara Hindi nao ni ng'ombe wa nundu, na ndama wao si wakubwa mno.

Uingereza ilipita njia nyingine. Mwaka 1961 iliingiza madume ya Charolais kutoka Ufaransa. Ndama wa Charolais huvuka kilo 40 kwa urahisi. Nyama iliongezeka, ila kuzaa kwa shida nako kukaongezeka.

Je, dume ndiye mwenye kosa peke yake? Hapana. Mwaka 1938 huko Cambridge, Walton na Hammond walipandisha farasi wakubwa wa Shire na wadogo wa Shetland, kwa pande zote mbili. Mtoto aliyebebwa na mama mdogo alizaliwa mdogo, ingawa baba yake alikuwa jitu. Kumbe tumbo la mama lina breki yake. Kwa ng'ombe ni hivyohivyo: jike wa nundu huzuia uzito wa ndama, lakini dume la Brahman kwa jike wa Ulaya huleta ndama mzito sana.

Lakini breki hiyo ina kikomo, hasa kwa mtamba. Nyonga zake bado hazijapanuka. Anayepandishwa mapema, tena na dume kubwa, anaweza kupoteza ndama, kupooza miguu au kufa. Kwa familia yenye ng'ombe wachache, hapo ada ya shule imekwenda.

Kwa hiyo, ukichukua mbegu ya uhimilishaji, usiulize tu dume lina kilo ngapi; uliza ndama wake huzaliwa na kilo ngapi. Mtamba asipandishwe kabla ya kufikia kama theluthi mbili ya uzito wa ng'ombe mzima wa aina yake. Wala usimnyime chakula mwishoni mwa mimba ukidhani ndama atapungua: mama ndiye atakayekosa nguvu za kusukuma. Chupa ikishapasuka na saa moja au mbili zikapita bila maendeleo, mwite mtaalamu wa mifugo. Ukilazimika kusaidia, vuta pale mama anaposukuma tu, mguu mmoja baada ya mwingine, kisha uelekeze chini. Kumfunga ndama kamba na kuita vijana sita wavute kumeshaua mitamba wengi.