Timu ya Brooklyn na Mpaka wa Rangi

Besiboli ni mchezo wa mpira na gongo upendwao sana katika Marekani. Mtu wa upande mmoja hutupa mpira. Wa upande wa pili huupiga kwa gongo, kisha hukimbia kuvizunguka vituo vinne. Miongoni mwa timu kongwe za mchezo huo ni Dodgers, iliyoanzishwa mwaka wa 1883 huko Brooklyn, ambao siku zile ulikuwa mji wa peke yake, kabla ya kuunganishwa na New York mwaka wa 1898. Maana ya jina hilo ni wakwepaji, kwani wenyeji wa Brooklyn walikuwa na kazi ya kukwepa magari ya reli yaliyopita kwa kasi barabarani.

Kwa muda wa zaidi ya miaka 60 mtu mweusi hakuruhusiwa kucheza katika ligi kuu. Katazo hilo halikuandikwa katika sheria yo yote. Wenye timu waliafikiana kimyakimya, na mapatano ya kimya ni magumu kuvunjwa, kwa kuwa hapana anayekiri kuyafanya. Mwaka wa 1945 Branch Rickey, msimamizi wa Dodgers, alimwandika Jackie Robinson, mjukuu wa mtumwa. Alimtaka ahadi moja: atukanwapo asirudishe tusi. Tarehe 15 Aprili 1947 Robinson aliingia uwanjani. Baadhi ya wenziwe walikuwa wamekwisha kujaribu kumzuia, na watazamaji wengi walimzomea. Yeye alijibu kwa gongo na kwa miguu yake, na mwaka huo huo akatunukiwa heshima ya mchezaji mpya aliye bora. Mlango uliofunguliwa na mmoja ukapitwa na wengi.

Hata hivyo ubingwa ulikuwa mgumu kupatikana. Tangu 1916 hata 1953 Dodgers walifika fainali mara saba na kushindwa zote, mara tano mikononi mwa jirani zao, Yankees. Kila mwaka wapenzi wao walijituliza kwa kusema, ‘Tungoje mwaka ujao.’ Mwaka huo ulifika 1955, na Brooklyn nzima ikashangilia.

Furaha haikudumu. Mwenye timu, Walter O’Malley, alitaka kujenga uwanja mpya, asikubaliane na wakuu wa mji juu ya mahali. Baada ya michezo ya 1957 aliihamishia timu Los Angeles. Uwanja wa zamani ulibomolewa mwaka wa 1960, na watu walioivumilia timu katika miaka ya kushindwa wakaachwa mikono mitupu.

Huko Los Angeles Dodgers wametwaa ubingwa mara nyingi, hata mwaka wa 2024 na 2025. Lakini mwaka wa 1997 ligi kuu nzima iliistaafisha namba 42, aliyoivaa Robinson. Heshima hiyo haikupata kupewa namba ya mchezaji mwingine ye yote. Vikombe huhesabiwa na timu moja; tendo la haki huwa mali ya wote.