AS si nusu ugonjwa

Kwenye kipindi cha wiki hii niligusia habari za damu yangu, halafu tukapitiliza. Ngoja niielezee vizuri, maana sehemu kubwa ya historia yake ilifanyika kwetu.

Nilipopimwa hapa Uingereza, majibu yalisema AS. Mama akaishika ile karatasi, akaguna: "Kwa hiyo una nusu ya selimundu? Mwanangu, wakwe tutawaambia nini?" Nikakosa la kujibu. Leo ninalo.

Himoglobini ndiyo inayobeba oksijeni kwenye damu. Maelekezo ya kuitengeneza unayarithi mara mbili: kinasaba kimoja kwa mama, kimoja kwa baba. A ni ya kawaida. S, oksijeni ikipungua, huipinda chembe nyekundu ikawa kama mundu wa kukatia mpunga. Ukiwa na S mbili, unaumwa. Je, A moja na S moja?

Shuleni tulisoma njegere za Mendel: ya mviringo inashinda, ya makunyanzi inajificha. Damu haiendi hivyo. Mwaka 1949, huko Marekani, Linus Pauling na wenzake walipitisha umeme kwenye himoglobini. Ya wagonjwa ilienda tofauti na ya wazima. Ya watu wa AS ikagawanyika: zote mbili zimo, hakuna iliyojificha. Ila A iliyomo kwa kawaida inatosha kuzuia chembe zisipinde, ndiyo maana wengi wetu hatuna habari kama tunayo.

Mwaka huohuo Anthony Allison, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekulia Kenya, alikuwa Kenya akikusanya damu. Pwani na kando ya Ziwa Victoria, zaidi ya mtu mmoja kati ya watano alikuwa na S. Nyanda za juu, karibu hakuna. Sasa, kama S inaua watoto, mbona haijaisha? Allison akafikiria malaria: palipo na malaria nyingi, ndipo palipo na S nyingi.

Majibu akayachapisha mwaka 1954. Alipima watoto 290 wa Kiganda: wasio na S, karibu 46 kwa kila 100 walikuwa na vimelea vya malaria, wenye AS, 28. Kisha, huko Kenya, wanaume 30 Waluo waliambukizwa malaria kwa makusudi. Kati ya 15 wasio na S, 14 walipata vimelea. Kati ya 15 wenye AS, wawili tu. Ripoti inasema walijitolea. Mimi huwa nasimama hapo kidogo: chini ya ukoloni, kukataa kulikuwa rahisi kiasi gani? Tunachokijua leo, tunawiwa na wao.

Kwa hiyo Mama, hii si nusu ya ugonjwa. Ni kinga iliyowavusha wazee wetu wengi utotoni. Bei yake ipo: wawili wenye AS wakizaa, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto kuwa SS. Basi ndugu zangu, pimeni, na muulizane mapema, kabla ya posa.

Nilipomaliza kumweleza, Mama alinyamaza. Wiki iliyofuata akaenda kupima mwenyewe. AS.

"Kumbe," akasema, "na mie niliolewa nayo."