Uziwi Uliofuatwa Vizazi Vitano

Katika vijiji vya milima ya Uluguru, kuanzia Matombo hadi Mgeta, Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mashamba yamerithiwa kwa njia hiyo hiyo. Kuhesabu vizazi, lakini kwa upande wa mama na wa baba pia, ndiko kulikosaidia madaktari kuufahamu ugonjwa wa kurithi unaomziba mtu masikio na kumfanya ayumbe.

Mwaka 1822, John Henry Wishart, daktari wa upasuaji mjini Edinburgh, alieleza habari za kijana wa miaka 21 aliyekuwa kiziwi wa masikio yote mawili. Kijana huyo alipofariki, alikutwa na uvimbe mwingi ndani ya fuvu. Mwaka 1882 Mjerumani Friedrich von Recklinghausen akaeleza ugonjwa mwingine wa uvimbe wa neva, unaojitokeza hata kwenye ngozi. Kwa miaka mingi maradhi hayo mawili yalichanganywa.

Mwaka 1930, Wamarekani James Gardner na Charles Frazier walifuatilia familia moja kwa vizazi vitano, wakakuta watu 38 waliopoteza usikivu. Leo inajulikana kwamba mzazi mwenye ugonjwa huu, awe baba au mama, kila mtoto wake ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuurithi. Mwaka 1987 wataalamu waliutenga rasmi na ule wa Recklinghausen, wakauita niurofibromatosisi aina ya pili. Mwaka 1993 jeni yake ikapatikana kwenye kromosomu ya 22. Kazi ya jeni hiyo ni kuzuia seli zisikue ovyo. Ikiharibika, uvimbe huota.

Neva inayoshambuliwa na uvimbe huo hupeleka ubongoni sauti pamoja na habari za mizani ya mwili. Ndiyo maana mgonjwa husikia mvumo sikioni, usikivu ukapungua, kisha akayumba, hasa gizani na kwenye njia za mabonde na miinuko.

Tangu 2017 Hospitali ya Muhimbili hupandikiza vifaa vya kusaidia kusikia, lakini vifaa hivyo huhitaji neva inayofanya kazi. Kuchelewa kunagharimu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiona dalili hizi kwako au kwa mwanao, nenda hospitali mapema na umweleze daktari habari za ukoo wa mama na wa baba pia. Hata kama hakuna aliyewahi kuugua, usikae nyumbani: karibu nusu ya wagonjwa ndio wa kwanza katika familia zao.