Fomu ya Alama Haimwamshi Daktari

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu, ilifunguliwa mwaka 1955, na hadi leo hupokea wagonjwa wa Mbulu, wa Hanang na wa ng'ambo ya mpaka wa Singida. Nusu karne baada ya hapo, mwaka 2005, muuguzi Alan Monaghan wa Brighton, Uingereza, alichapisha fomu ya kumpa alama mtoto aliyelazwa: anavyochangamka, anavyopumua, damu inavyozunguka. Alama zikipanda, muuguzi huita msaada kabla mtoto hajazidiwa. Fomu za namna hiyo zimesambaa duniani, na kila mwenye wodi ya watoto hujiuliza kama zinafaa kwake. Naona sehemu kubwa ya jibu ilishapatikana Haydom, ingawa huko waliopimwa walikuwa watoto wachanga.

Mwaka 2010 wahudumu wa Haydom walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto anayezaliwa bila kupumua, yale yanayosisitiza dakika ya dhahabu, yaani dakika ya kwanza baada ya kuzaliwa. Walipojaribiwa kwa mwanasesere walifanya vizuri kuliko awali. Walipofuatiliwa chumba cha kujifungulia, mambo yalikuwa yale yale. Mwaka 2011 hospitali ikabadili mtindo: mwanasesere akawekwa karibu na kazi, na wahudumu wakawa wanajizoeza kwa dakika 3 hadi 5 kila wiki. Barakoa ya kumpulizia hewa ikikaa sawasawa usoni na mfuko wake ukiminywa, kifua cha mwanasesere huinuka. Ikikaa upande, hewa huvuja na kifua hutulia tuli. Vifo vya wachanga ndani ya saa 24 vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila 1,000 waliozaliwa. Atakayesema kwamba kulinganisha kabla na baada hakutoshi, kwa kuwa mengine nayo huenda yalibadilika, ana haki. Lakini hospitali ilikuwa ile ile na somo lile lile, na somo peke yake lilishindwa kwanza. Kilichoongezwa ni mazoea ya mikono. Kifaa kipya peke yake nacho hakikutosha: utafiti mwingine wa hapo hapo Haydom ulilinganisha kifaa cha mkononi cha kusikilizia mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni na fetoskopu ya kawaida, na hali ya watoto waliozaliwa haikutofautiana.

Utafiti mkubwa wa fomu za alama zenyewe, uliochapishwa mwaka 2018, ulihusisha hospitali 21 katika nchi 7 na watoto zaidi ya 144,000. Vifo havikupungua. Watetezi wa fomu hujibu kwamba kwenye hospitali zile watoto wanaokufa ni wachache tangu mwanzo, hivyo pa kupunguzia hapakuwapo, na kwamba kwetu nafasi ni kubwa. Ni hoja nzito. Ila hata pale dalili inapoonekana mapema, kinachofuata chaweza kuua. Utafiti wa mwaka 2011 uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania, Muheza ikiwamo, ulihusu watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri. Waliomiminiwa maji mengi ya dripu kwa haraka walikufa zaidi ya asilimia 10 ndani ya saa 48. Ambao hawakumiminiwa, asilimia 7.3. Dalili zilisomwa sawa. Tiba iliyozoeleka ndiyo iliyokosea.

Sisemi dalili zisisomwe. Utaratibu wa kuwachambua watoto mahututi uliokomazwa Blantyre, Malawi, hukagua mzunguko wa damu kwa vidole tu: bonyeza ukucha, achia, na wekundu ukichelewa kurudi zaidi ya sekunde 3, hiyo ni hatari. Dalili nyingine ni neno la mama kwamba mwanawe leo si yule wa jana. Haydom mama huyo huenda anasema Kiiraqw, Kidatoga, Kinyiramba au Kihadza, na safu ya namba haina pa kuliandika neno lake. Kwa hiyo, kabla ya kuchapa fomu mpya, wakuu wa wodi za Mbulu na Hanang wabandike ukutani jina la atakayeitwa saa tisa usiku na mahali mtungi wa oksijeni uliojaa unapokaa, kisha wawape wauguzi dakika tano za mazoezi kila wiki.