Kikao cha Kila Miezi Mitatu

Pale Kipini, mto Tana unapoingia baharini, maji hugombana. Mto unasukuma nje, bahari inasukuma ndani, na kusi ikichacha mawimbi huvunjika palepale mlangoni, ambapo mashua inayorudi na samaki haina budi kupita. Hapo ni mahali pa kazi. Lakini uliza kikao cha usalama kazini hufanyika lini, utaangaliwa kama mtu aliyeshuka basi la Nairobi jana.

Kikao hicho kina historia, na sehemu kubwa iko Mombasa.

Wapakuzi wengi wa bandari ya Kilindini walikuwa vibarua. Neno lenyewe linatokana na barua: kijikaratasi cha kazi ya siku. Kesho huna karatasi, huna kazi. Mtu kama huyo atamwambiaje msimamizi kwamba mnyororo wa winchi umelika? Nyuma yake kuna wengine kumi wanangoja nafasi.

Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 waligoma siku 12. Tuseme ukweli, walidai mshahara, si kofia za chuma. Ila kila siku walikusanyika kwenye uwanja wa mpira waliouita Kiwanja cha Maskini, na nadhani hapo ndipo mambo yalipobadilika: kibarua alisema mbele ya wenzake, si peke yake mbele ya bosi. Chege Kibachia, kiongozi wa African Workers Federation, alikamatwa Agosti mwaka huohuo akawekwa kizuizini.

Halafu kukaja hati ambayo hakuna anayeisherehekea. Oktoba 1962, Tom Mboya akiwa waziri wa leba, serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walitia sahihi mkataba wa mahusiano ya viwandani. Lalamiko la mfanyakazi likapata njia: kwa msimamizi, kwa menejimenti, kwa wizara. Mwaka 1964 ikaongezwa Mahakama ya Viwanda.

Njia hiyo ina ujanja wake. Ukilalamikia ngazi mbovu, utapata ngazi mpya, basi. Chama kikidai kikao cha kudumu, kinapata kitabu cha kumbukumbu. Ngazi ya pili ikianguka, bosi hawezi kusema hakuambiwa, maana sahihi yake iko pale.

Hata hivyo sheria ilichelewa. Sheria ya viwanda iliyoanza kutumika 1951 ilimtegemea mkaguzi kutoka nje. Ni kanuni za 2004 zilizosema penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, wawakilishi wa wafanyakazi wakiwemo, ikutane angalau kila miezi mitatu. Sheria ya 2007 ikakazia.

Ishirini. Sasa rudi Kipini uhesabu waliomo ndani ya mashua moja. Tena baharia halipwi mshahara, anapata mgao baada ya gharama kutolewa, kwa hiyo hata kumwita mwajiriwa ni ubishi. Mkoloni aliiweka Kipini kuwa makao ya wilaya ya Tana River, lakini kuwa karibu na ofisi ya DC hakukumpa mvuvi chama.

Alicho nacho ni BMU, kamati ya ufuo, ambayo kanuni zake zilitoka 2007. Inaandikisha vyombo na watu, na ina mikutano. Shida ni kwamba mwenye mashua na baharia ni wanachama wa kamati ileile. Kilindini bosi alikaa upande wa pili wa meza. Hapa anayedai jaketi la kujiokolea anamdai jirani, pengine mjomba wake, na msimu ujao atamwomba nafasi chomboni.

Bado sioni pengine pa kuanzia. Ajenda moja tu, kila miezi mitatu, kabla kusi haijaanza na baada yake: nani alipinduka mlangoni, kwa nini, na chombo kipi hakina majaketi. Kisha swali litakalowasha ugomvi: majaketi hayo yakatwe kwenye gharama za safari pamoja na petroli na barafu, au yatoke mfukoni mwa mwenye mashua?