Mkono wa Mwenyeji katika Jiwe la Kizimkazi

Kwa watu wa Njisi, na wa Kyela nzima, chungu cha Kikisi hakihitaji kuelezwa. Wanawake wa Ikombe, katika mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, hukifinyanga kwa mikono bila gurudumu, kikauzwa Matema na kusafiri hadi milimani. Umbo la chungu laweza kuigwa na yeyote mwenye macho. Udongo hauigwi. Mfinyanzi hana budi kujua unakochimbwa, unavyokandwa na unavyostahimili moto. Kwa hiyo, tutakapo kujua kazi fulani ya sanaa ni ya nani, haitoshi kutazama umbo lake. Yafaa tuulize pia imetengenezwa kwa kitu gani, na ni mkono upi uliokizoea kitu hicho.

Swali hili limewakabili watu wa mbali pia. Mwaka 1790, katika mji wa Bath huko Uingereza, wajenzi walifukua mawe ya hekalu la karne ya kwanza B.K., lililojengwa baada ya Warumi kuivamia nchi hiyo mwaka 43. Kati ya mawe hayo palikuwa na kichwa kikubwa cha kutisha, nywele zake zimefungamana na nyoka. Nyoka hao ni wa Medusa, ambaye katika hadithi za Wayunani na Warumi ni mwanamke. Kichwa cha Bath kina masharubu! Tena jiwe lake si marumaru ya kuletwa, bali ni chokaa ya huko huko, na mungu aliyeabudiwa hapo, Sulis Minerva, alikuwa na jina la Kikelti na la Kirumi kwa pamoja. Kukiita kichwa hicho kazi ya Kirumi tu ni sawa na kukinyoa.

Sisi nasi tunalo jiwe letu la namna hiyo. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, una maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kandoni mwa mihrabu, herufi zake zikichanua kama mimea. Tarehe yake ni mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107 B.K., na yanamtaja Sheikh Abu Imran Musa bin al-Hasan kuwa ndiye aliyeamuru ujenzi. S. Flury alichapisha maelezo yake mwaka 1922. Jengo lilitengenezwa upya katika karne ya 18, lakini maandishi ya kale yalihifadhiwa.

Wataalamu wamelinganisha herufi hizo na zile za Siraf, bandari ya kale ya Uajemi, na ni rahisi kutoka hapo kukata shauri kwamba kazi yote ni ya wageni. Lakini jiwe lenyewe ni tumbawe. Tumbawe linapotolewa baharini bado bichi huwa laini, likachongeka kwa urahisi. Likikaa hewani huwa gumu. Atakaye kulitia nakshi nyembamba kama ile sharti awe karibu na bahari, na ajue wakati wake, kama vile mama wa Ikombe ajuavyo udongo wake. Vipande vya maandishi ya mtindo huo vimepatikana Tumbatu pia, jambo linaloonyesha kwamba palikuwa na mafundi waliozoea kazi hiyo visiwani.

Hatusemi kwamba hakufika fundi yeyote kutoka Siraf. Huenda mwalimu wa kwanza wa herufi alikuwa mgeni, na huenda mmoja wa wanafunzi wake alimpita. Tunachokataa ni desturi ya vitabu vya wakati wa ukoloni ya kuihesabu miji yote ya pwani kuwa makoloni ya Waajemi na Waarabu, kana kwamba wenyeji walikuwa wabeba mawe tu.

Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate nchini Kenya, Mark Horton alichimba katika miaka ya 1980 chini ya magofu ya msikiti wa mawe. Alikuta misikiti mingine ya zamani zaidi, mmoja juu ya mwingine pale pale, na ile ya mwanzo kabisa, ya karne ya nane, ilikuwa imejengwa kwa miti.