Gome, Shanga na Waya: Sanaa ya Kuvaa Katika Historia ya Karagwe na Kyerwa

Mwishoni mwa Novemba 1861, Waingereza wawili waliokuwa wakitafuta chanzo cha Mto Nile, John Hanning Speke na James Grant, walifika Bweranyange, makao ya Omukama, yaani mfalme, Rumanyika wa Karagwe. Grant alikuja kuugua mguu akabaki huko miezi kadhaa baada ya mwenzake kuondoka. Katika kitabu alichokitoa 1863, Speke alieleza mavazi ya mwenyeji wao. Omukama alikuwa amevaa joho jeusi la Kiarabu. Miguuni alikuwa na soksi zilizotungwa kwa shanga za rangi zilizokolea, na mikononi vikuku vya shaba vilivyofanyizwa kwa ustadi. Kando yake aliketi nduguye Nnanaji, mganga wa kuheshimika, aliyejifunga shuka la mirabaraba na kujipamba kwa hirizi mwili mzima.

Katika ugeni huohuo Speke alishuhudia sherehe ya mwezi mwandamo. Ngoma 35 zilipigwa kwa pamoja, na wakuu wa nchi wakapita mmoja mmoja kuapa utii wao. Siku hiyo Rumanyika alivaa taji la shanga lenye shada la manyoya mekundu juu ya paji la uso. Kidevuni alizungushiwa ndevu kubwa nyeupe, zilizoshikizwa kwenye ukanda wa shanga. Katika falme za jirani, Bunyoro na Toro, taji lenye ndevu za manyoya ya mbega limebaki kuwa alama ya heshima ya juu kabisa. Mtu aliyevaa hivyo hakuwa amejisitiri tu. Alikuwa amekuwa sura ya utawala wenyewe, na waliomtazama walilijua hilo.

Siku hizi duniani kuna uwanja mzima wa sanaa ya kuvaliwa: mavazi ya ajabu yanayoundwa kwa vitu ambavyo havikukusudiwa kuwa nguo, tena mara nyingi vitu vilivyokwisha kutupwa. Huko New Zealand mashindano ya sanaa hii yalianza mjini Nelson mwaka 1987, kisha yakahamia Wellington 2005. Anayeyasikia anaweza kudhani ni ubunifu mpya uliotoka mbali. Historia ya Karagwe, pamoja na Kyerwa iliyokuwa sehemu yake hadi ilipofanywa wilaya mwaka 2012, inasema vingine.

Nguo iliyotoka mtini

Tuanze na gome. Magharibi mwa Ziwa Victoria, wakulima wa migomba walivaa nguo ya gome, ambayo wafanyabiashara wa Kiswahili waliiita mbugu. Wafugaji walipendelea zaidi ngozi za ng'ombe zilizolainishwa kwa siagi, na kule Buhaya, karibu na ziwa, palikuwa pia na mavazi ya nyuzi za mwale. Kila jamii ilivaa kile ambacho shamba, zizi au kinamasi chake kilitoa.

Kazi ya gome yataka subira. Mti wenyewe ni wa jamii ya mkuyu, ule ambao Waganda huuita mutuba. Msimu wa mvua, gome linapoachia kwa urahisi, fundi hukata mduara juu na mwingine chini, akapasua kwa urefu, kisha akalibandua taratibu ili asiujeruhi mti. Shina lililobaki wazi hufungwa kwa majani ya mgomba mpaka ngozi mpya iote, na baada ya mwaka mmoja hivi mti uleule huvunwa tena. Gome hulainishwa kwa mvuke au maji ya moto, halafu hutandikwa juu ya gogo, chini ya kibanda, maana jua lingelikausha kabla ya wakati. Hapo nyundo za mbao huanza kazi. Ya kwanza ina mifereji mipana, zinazofuata zina mifereji myembamba zaidi. Kwa kila pigo gome hutanuka na kulainika, hata kipande kilichotoka mtini chembamba kikawa shuka la kumfunika mtu mzima. Likianikwa hugeuka rangi ya udongo mwekundu. Palipotoboka hutiwa kiraka, na kiraka cha fundi mzuri huwezi kukigundua mpaka upitishe kidole.

Mwaka 2005 UNESCO iliutangaza ufundi huu wa Uganda kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi wa binadamu, na 2008 ukaingizwa rasmi katika orodha ya urithi usioshikika. Tangazo lile liliitaja Uganda peke yake. Lakini Mto Kagera, unaoitenga Kyerwa na Uganda, ulifanywa mpaka wa nchi na wakoloni. Migomba, miti na nyundo za gome zilikuwako kandokando yake karne nyingi kabla ya ramani zao.

Shanga za mbali, mkono wa nyumbani

Shanga zilizomvika Rumanyika zilisafiri sana. Nyingi ya shanga zilizouzwa Afrika Mashariki wakati huo zilitengenezwa Venice, zikaletwa Zanzibar kwa meli, kisha zikabebwa na wapagazi hadi Tabora na kutoka huko hadi Kafuro, kituo cha biashara jirani na Bweranyange. Waya wa shaba nao ulipita njia hiyohiyo, ukibadilishwa kwa pembe za ndovu. Wafanyabiashara walijifunza kwa hasara kwamba kila nchi ilikuwa na shanga zake. Aliyeleta rangi isiyopendwa alirudi na mzigo wake.

Jambo la kuangaliwa hapa ni kile mafundi walichokifanya baada ya kuzipokea. Huko zilikotoka, hakuna aliyezitengeneza akiwaza soksi za mfalme wala ukanda wa kushikilia ndevu. Bidhaa ilikuwa ya kigeni, wazo likawa la Karagwe. Hata joho la Kiarabu lilipofika ikulu halikuja na amri ya namna ya kulivaa. Liliwekwa pamoja na shanga na shaba, likawa sehemu ya vazi la Kinyambo, la wenyeji wa Karagwe.

Jicho hilohilo lilionekana katika vyuma. Msafiri Henry Morton Stanley alipopita 1876, Rumanyika alimfungulia nyumba ya hazina. Stanley aliona humo sanamu za bata wa shaba wenye mabawa ya shaba nyekundu, na ng'ombe wa shaba nyekundu wasio na vichwa. Mikono iliyozoea kuunda vitu kama hivyo isingeshindwa kuona kikuku ndani ya waya.

Amerikani, mitumba na katambuga

Misafara ileile iliyoleta shanga ilileta pia amerikani na kaniki. Nguo ya pamba ilikuwa nyepesi, ilifulika, na baadaye ilihusishwa na shule, misheni na ofisi. Gome likarudi nyuma, likabaki kwa mazishi, matambiko na wazee. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru ilipofuta utawala wa machifu, vazi la ikulu nalo likapoteza jukwaa lake.

Ufundi wenyewe haukufa, ulihamia kwingine. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na katika miaka ya uhaba iliyofuata, nguo na viatu vilikuwa adimu nchini kote. Hapo ndipo katambuga ziliwabeba wengi: soli kutoka tairi la gari lililochakaa, mikanda kutoka mpira wa ndani, misumari michache na kisu kikali. Fundi alilisoma tairi kama babu yake alivyolisoma gome, akijua ni upande upi unaopinda na upi unaostahimili mawe. Kisha, biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, mitumba ikafurika, na mafundi cherehani wakaanza kuzikata suruali za Ulaya ziwatoshe wateja wao.

Wasanii wa leo na funzo lao

Eneo letu la Afrika Mashariki lina wasanii waliolichukua wazo hili mbali. Sanaa Gateja, aliyezaliwa Kisoro nchini Uganda mwaka 1950, hukunja karatasi zilizotupwa kuwa shanga, akazishona juu ya nguo ya gome. Ufundi wake wa shanga za karatasi umewapa kazi wanawake wengi. José Hendo, mbunifu mzaliwa wa Uganda anayefanya kazi London, huunganisha gome na nguo kuukuu katika mavazi ya jukwaani. Cyrus Kabiru wa Nairobi huokota waya, vizibo na vyuma chakavu, akaunda miwani ya kuvaa usoni ambayo imeonyeshwa katika kumbi nyingi za dunia. Mwaka 2022 Uganda ilishiriki kwa mara ya kwanza ikiwa na banda lake katika maonyesho ya sanaa ya Venice, pakiwa na kazi za Acaye Kerunen zilizosukwa kwa nyuzi za mimea na gome, na banda hilo likapewa tuzo ya kutajwa kwa heshima. Mji uliotuletea shanga sasa ulikuwa ukitazama gome letu.

Karagwe na Kyerwa hazikosi malighafi. Kuna magunia ya kahawa, nyuzi za mgomba, nyaya, matairi, vizibo vya soda na mitumba isiyouzika. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania tangu Juni 1, 2019, lakini chupa na vifungashio bado vinajaa mitaroni. Kinachokosekana ni kuwaambia vijana kwamba kugeuza vitu hivi kuwa vazi la fahari ni kazi ya kwao, yenye nasaba ndefu, na wala si mchezo wa watu wasio na uwezo wa kununua nguo.

Jina la Rumanyika limewekwa katika hifadhi ya taifa tangu 2019, na hilo ni jambo jema. Heshima hiyo ikamilishwe. Maofisa utamaduni wa wilaya hizi mbili wawatafute wazee wanaojua bado kubandua na kuponda gome, wawarekodi wakiwa hai, na wapande miti yake katika viwanja vya shule. Walimu wa sanaa wawape wanafunzi picha ya Omukama mwenye soksi za shanga na ndevu za manyoya, kisha wawaulize: ninyi mngemvika nini leo, kwa vilivyopo hapa? Majibu yao yavaliwe siku ya sherehe ya shule, mbele ya wazazi, na yahifadhiwe kama urithi unaoendelea kutengenezwa.